Kujuana kwa Ottawa: kwa nini wanatajwa lakini hawafungwi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Edmonton mwaka wa kumi na moja sasa, na uraia nimeapa juzijuzi tu. Mwaka 2020 mwanangu alijiandikisha kwenye ule mpango wa serikali wa kuwalipa wanafunzi wanaojitolea. Ukafutwa kabla hajapata hata senti, tukaambiwa ni mambo ya waziri na marafiki zake. Tangu hapo nasikia Waziri Mkuu kavunja maadili, waziri fulani kampa tenda rafiki yake, halafu maisha yanaendelea. Nyumbani tunasema undugunaizesheni na tunaijua ilivyo. Je, huku ni kitu kilekile kilichovaa suti? Na mbona hakuna aliyefungwa? Mume wangu naye anataka kuomba ujumbe wa bodi moja ya serikali ya shirikisho, lakini mwenzake kazini kamwambia asijisumbue kama hana kadi ya chama.

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kiapo. Ripoti za Kamishna wa Maadili wa Kanada nimekuwa nikizisoma ukurasa kwa ukurasa tangu ile ya kwanza iliyomhusu Justin Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyoandikwa humo.

Upendeleo upo. Ila ukiutafuta kwa sura tuliyoizoea, ile ya penye udhia penyeza rupia, utahangaika bure. Tangu 2007 kampuni na vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kabisa kukichangia chama cha siasa cha shirikisho, na mtu binafsi mwaka 2025 hakuruhusiwa kuzidisha dola 1,750 kwa chama kimoja. Bahasha nene haina pa kupita. Kinachotembea badala yake ni ukaribu: nani ana namba ya simu ya nani, nani alikula sikukuu kwa nani, nani akiandika barua pepe anajibiwa kwa jina lake la kwanza siku hiyohiyo huku wengine wakielekezwa kujaza fomu. Sheria yao ya Mgongano wa Maslahi, iliyoanza kufanya kazi Julai 2007, inaukimbiza ukaribu huo. Kuutaja inajua sana. Kuuadhibu ndiko kunakoishinda.

Chukua sikukuu ya Krismasi ya 2016. Trudeau na familia yake walikwenda kupumzika kwenye kisiwa cha Aga Khan huko Bahama. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa Aga Khan ni nani. Hospitali zenye jina hilo tunazo Dar es Salaam na Nairobi, na kampuni ya magazeti ya Nation aliianzisha yeye. Kanada nako alikuwa mtu mkubwa. Taasisi yake ya huko ilipokea fedha za misaada kutoka serikalini, na ilikuwa imesajiliwa rasmi kuishawishi serikali hiyohiyo. Kutoka Nassau hadi kisiwani, familia ya Waziri Mkuu ilipanda helikopta yake binafsi.

Trudeau alijitetea kwamba huyu ni rafiki wa familia tangu enzi za baba yake. Na kweli, Aga Khan alikuwa miongoni mwa waliopewa heshima ya kulisindikiza jeneza la Pierre Trudeau mwaka 2000. Sheria inaruhusu zawadi ya ndugu au rafiki. Basi Kamishna wa wakati huo, Mary Dawson, akaketi kulipima neno "rafiki". Akakuta kwamba kwa karibu miaka 30, ukiondoa yale mazishi, wawili hao hawakuwa na mawasiliano ya maana mpaka Trudeau alipokuwa kiongozi wa chama. Urafiki uliofufuka mtu alipokaribia madaraka, Dawson alikataa kuuhesabu. Ripoti yake ya Desemba 2017 ilisema Trudeau amevunja vifungu vinne: cha 5, cha 11, cha 12 na cha 21. Kabla yake hakuna Waziri Mkuu aliyekuwa amekutwa na kosa chini ya sheria hiyo.

Hapa nakuomba utulie kidogo, maana kipimo alichotumia mama huyu kinatufaa hata sisi. Sote tunamjua mtu wa namna hiyo: miaka nenda rudi hakuwahi kupiga hodi kwako, siku ukipata cheo anakuja na mbuzi.

Adhabu ikawa nini? Hakuna. Hakutozwa hata dola moja. Lakini mwaka uliofuata, 2018, ofisi hiyohiyo ilimtoza Trudeau faini ya dola 100 kwa sababu alipewa zawadi ya miwani ya jua na hakuitangaza ndani ya siku 30. Miwani dola mia, kisiwa bure. Ndivyo sheria ilivyoandikwa: faini ipo, kiwango cha juu dola 500, ila ni kwa makosa ya makaratasi kama kuchelewa kutangaza mali au kutotaja zawadi. Kosa lenyewe, la kutumia cheo kumnufaisha mtu au kumpendelea, halina faini. Lina ripoti tu, inayowekwa hadharani ikiwa na jina la mhusika.

Sasa tuje kwenye mpango wa mwanao. Tarehe 25 Juni 2020, katikati ya Korona, serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi atakayejitolea atalipwa dola 1,000 kwa kila saa 100, mpaka dola 5,000. Bajeti ilikuwa dola milioni 912. Kazi ya kuuendesha ikapewa shirika la WE Charity bila kushindanishwa na yeyote, kwa mkataba ambao ungeweza kufikia dola milioni 543.5. Sehemu kubwa ya hizo ilikuwa ya vijana wenyewe, na hadi milioni 43.5 za uendeshaji.

Shirika hilo kwetu si geni. Ndilo lililokuwa na shule na miradi Narok, upande wa Maasai Mara, na lilikuwa na desturi ya kuwapeleka wafadhili na watoto wao kuiona. Mwaka 2017 mke na binti wa Bill Morneau, Waziri wa Fedha, walikwenda Kenya kwa safari ya aina hiyo. Mwishoni mwa mwaka familia ikaenda Ecuador. Binti mwingine alipata kazi katika shirika hilo. Margaret, mama yake Trudeau, alikuwa amelipwa takribani dola 250,000 kwa kuhutubia kwenye hafla zao kwa miaka kadhaa. Pamoja na yote hayo, mkataba ulipoletwa kwenye Baraza la Mawaziri, si Trudeau wala Morneau aliyenyanyuka kutoka kitini na kusema: hili linanihusu, naomba nikae kando.

Tarehe 22 Julai Morneau alitoa ushahidi mbele ya Kamati ya Fedha ya Bunge, akasema siku hiyohiyo ameandika hundi ya dola 41,366 kurudisha gharama za safari ambazo shirika lilikuwa limezibeba. Watu wengi walibaki wakiitazama hundi ile. Kamishna aliyekuwepo, Mario Dion, alikubali kwamba Morneau aliamini kwa dhati kuwa alishalipa, akaliacha suala la safari. Alichokishika, na nadhani alishika mahali penyewe, ni kifungu cha 7: kwamba ofisi ya waziri ililisaidia shirika hili kupita kiasi lilipokuwa likitafuta fedha za serikali, kwa sababu ya nani waliokuwa wakizungumza kwa niaba yake. Kifungu hicho kinazuia kumpendelea mtu au taasisi kwa sababu ya sura ya anayeiwakilisha. Ripoti ya Mei 2021 ilisema Morneau amekivunja, pamoja na cha 6 na cha 21, vinavyomtaka mwenye mgongano wa maslahi akae kando. Wakati huo alikuwa ameshaondoka serikalini tangu Agosti 2020. Trudeau safari hii alivuka: Kamishna aliona kuna harufu ya mgongano, lakini harufu peke yake sheria haiihesabu kuwa kosa.

Na mwanao? Shirika lilijitoa tarehe 3 Julai, siku nane baada ya tangazo. Mpango ukarudishwa serikalini, ukafia hukohuko. Vijana waliokuwa wamejipanga kuutegemea kwa ada ya Septemba ndio waliolipa gharama ya mawaziri wawili kutonyanyuka vitini, na sijaona ripoti yoyote inayowataja kama walioumia. Hilo linanikera mpaka leo.

Umeuliza mbona hakuna aliyefungwa. Kuna sheria mbili, na watu huzichanganya. Ya Mgongano wa Maslahi ni ya kiutawala: Kamishna hana pingu, hana rumande, na anayoyatoa ni matokeo ya uchunguzi. Kumfunga mtu kunahitaji Sheria ya Makosa ya Jinai, na humo mlango ni mwembamba. Kosa la afisa wa umma kuvunja uaminifu lipo, kifungu cha 122, lakini Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Boulanger ya mwaka 2006 ilisema lazima ithibitike kwamba afisa alikengeuka pakubwa kutoka mwenendo unaotarajiwa, tena kwa nia ya kukitumia cheo kwa lengo lisilo la manufaa ya umma, kama udanganyifu, upendeleo au uonevu. Sasa msimamishe mahakamani waziri anayesema "nililichagua shirika hili kwa sababu nililijua linaweza kazi". Nia yake utaithibitishaje?

Ila kusema hawafungwi kabisa itakuwa kuwaonea. Penye ankara za uongo wamefungwa. Baada ya kura ya maoni ya 1995 ya jimbo la Quebec kujitenga, ambapo umoja wa nchi ulinusurika kwa asilimia 50.58, serikali ya Jean Chrétien ilianzisha mpango wa kudhamini matamasha na michezo ili bendera ya Kanada ionekane Quebec. Mwaka 2004 Mkaguzi Mkuu, Sheila Fraser, alieleza kwamba katika dola kama milioni 250 zilizotumika, zaidi ya milioni 100 ziliishia kwa kampuni za matangazo kama ada na kamisheni. Chuck Guité, afisa aliyeusimamia, alihukumiwa miezi 42 mwaka 2006, na Jean Brault, mmoja wa wenye kampuni, miezi 30. Ona lakini kwamba waliokwenda jela ni afisa na wafanyabiashara. Wanasiasa waliadhibiwa na wapigakura Januari 2006, na sheria ya maadili ninayokueleza ilizaliwa kutokana na aibu hiyo.

Kisa kinachoniumiza kuliko vyote hakina hata safari ya bure ndani yake. SNC-Lavalin, kampuni ya ujenzi ya Montreal, ilishtakiwa mwaka 2015 kwa rushwa na udanganyifu kuhusu shughuli zake Libya enzi za Gaddafi. Ikitiwa hatiani ingeweza kufungiwa tenda za serikali ya shirikisho kwa miaka mpaka 10. Ikahangaikia utaratibu mpya: kampuni ikiri, ilipe, isimamiwe, na kesi isitishwe. Utaratibu huo ukaingizwa mwaka 2018 ndani ya muswada mnene wa bajeti. Hata hivyo Septemba mwaka huo Mkurugenzi wa Mashtaka, Kathleen Roussel, alisema kampuni hii haitaalikwa kwenye makubaliano hayo. Aliyekuwa na uwezo wa kuutengua uamuzi wake ni mtu mmoja tu, Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Sheria, Jody Wilson-Raybould. Alikataa.

Simu hazikukoma. Kwa hesabu aliyoitoa yeye mwenyewe bungeni, watu 11 walimfuata yeye au ofisi yake katika muda wa miezi minne, simu kama 10 na vikao kama 10. Septemba 17 Trudeau mwenyewe alimkumbusha kwamba yeye, Trudeau, ni mbunge wa Quebec, wa jimbo la Papineau. Tarehe 19 Desemba 2018 akapigiwa na Michael Wernick, ambaye kwa lugha ya Dodoma ungemwita Katibu Mkuu Kiongozi. Mama huyu alikuwa Vancouver, hana msaidizi wa kuandika kumbukumbu za mazungumzo, akawasha kinasa sauti bila kumwambia. Dakika 17. Ukiisikiliza kanda ile hutasikia mtu akifoka. Utasikia sauti ya upole ya mzee wa ofisi akisema Waziri Mkuu amekaza msimamo, na kwa njia moja au nyingine atapata namna ya kulifanikisha. Mama anamjibu kwamba wanakanyaga mahali pa hatari. Sisi tuliokulia kwenye ofisi za serikali tunaijua sauti ile. Mkubwa hasemi "fanya". Anasema "mkubwa anashangaa mbona bado".

Januari 2019 akahamishiwa Wizara ya Maveterani. Februari mambo yakafichuka gazetini, akajiuzulu, na mwenzake Jane Philpott akamfuata Machi. Tarehe 2 Aprili wote wawili walifukuzwa kwenye kundi la wabunge wa chama chao. Wilson-Raybould ni wa watu wa Kwakwaka'wakw, waziri wa sheria wa kwanza kutoka wenyeji asilia wa nchi ile, na aliiambia kamati kwamba anatoka kwenye ukoo mrefu wa wanawake viongozi na kwamba mila za Nyumba Kuu ya kwao zinamtaka aseme kweli. Agosti Kamishna Dion akatoa ripoti: Trudeau amevunja kifungu cha 9, kwa kutumia cheo chake kumshinikiza Mwanasheria Mkuu. Trudeau alisema hataomba radhi kwa kutetea ajira za Wakanada. Desemba 2019 tawi la kampuni lilikiri kosa moja la udanganyifu mahakamani, likapigwa faini ya dola milioni 280. Kampuni haikufa, leo ipo, imebadili jina tu. Yule mama aligombea peke yake bila chama Oktoba 2019, na watu wa Vancouver Granville wakamrudisha bungeni.

Usidhani ni ugonjwa wa chama kimoja, yaani Liberal, cha Trudeau na Chrétien. Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi ile, John A. Macdonald, mhafidhina, aliachia ngazi Novemba 1873 baada ya kubainika kwamba chama chake kilichukua fedha za uchaguzi kutoka kwa tajiri Hugh Allan, aliyekuwa akitafuta mkataba wa reli ya kwenda Pasifiki. Miaka mitano baadaye wapigakura walimrudisha. Mwaka 1984 Brian Mulroney, mhafidhina mwingine, alimbana Waziri Mkuu John Turner wa Liberal kwenye mdahalo kuhusu makada waliomiminiwa vyeo dakika za mwisho. Turner akasema hakuwa na njia, Mulroney akamwambia njia alikuwa nayo, ya kukataa. Alishinda viti 211 kati ya 282, kisha akageuka na kuwateua watu wake. Enzi za Waziri Mkuu Stephen Harper, naye mhafidhina, mkuu wa ofisi yake alimwandikia Seneta Mike Duffy hundi binafsi ya dola 90,172 ili arudishe posho alizodaiwa kuzichukua isivyostahili. Duffy alifutiwa mashtaka yote 31 mwaka 2016.

Upande wa tenda nitaupita haraka, maana nao ni habari ndefu. Mkaguzi Mkuu Karen Hogan alikadiria Februari 2024 kwamba programu ya simu ya mpakani, ArriveCAN, iligharimu dola milioni 59.5, na kumbukumbu zilikuwa mbovu kiasi kwamba gharama kamili haikujulikana. Mnufaika mkubwa alikuwa kampuni ya watu wawili ambayo ilishiriki kuandika masharti ya zabuni iliyokuja kuishinda yenyewe. Hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kigoma.

Kuna uteuzi mmoja ninaopenda ndugu zetu waujue, kwa sababu umegusa maisha ya Waswahili wengi kuliko visiwa na helikopta: Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, iliyoanza 1989. Kwa miaka mingi wajumbe waliosikiliza madai ya wakimbizi waliteuliwa na serikali iliyopo madarakani, na vyama vyote vikubwa vililaumiwa kwa kuwaweka humo makada wao. Hebu fikiria mama wa Uvira au Bujumbura anasimulia yaliyompata mbele ya mtu aliyepata kiti kile kwa kazi ya kampeni. Tangu Desemba 2012 wanaosikiliza dai kwa mara ya kwanza ni watumishi wa umma walioajiriwa kwa taratibu za utumishi. Wa ngazi ya rufaa bado huteuliwa na Baraza la Mawaziri.

Ambayo yanatuleta kwa mume wako. Mwambie aombe, na kadi asiinunue kwa ajili hiyo. Tangu 2016 nafasi nyingi za bodi hutangazwa wazi kwenye tovuti ya serikali, na kuna mchujo na usaili. Siwezi kukuapia kwamba kujuana hakuingii mwishoni, kwa sababu kalamu ya mwisho bado iko mkononi mwa mawaziri. Lakini atakayeteuliwa jina lake litachapishwa kwenye amri ya uteuzi, na Elections Canada, tume yao ya uchaguzi, huweka mtandaoni majina ya wote waliochangia chama zaidi ya dola 200. Akikosa nafasi, achukue jina la aliyepata, aliandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Kazi ya dakika tano. Daftari la washawishi, yaani wanaolipwa kuishawishi serikali, nalo liko wazi: andika jina la kampuni, utaona imekutana na waziri gani na kuhusu jambo gani.

Na ukiona jambo lisilokaa sawa, raia wa kawaida hawezi kumlazimisha Kamishna afungue uchunguzi. Mwenye haki hiyo ni mbunge au seneta, ingawa Kamishna anaweza kuanza mwenyewe akiona sababu. Kwa hiyo barua yako ipeleke ofisi ya mbunge wako pale Edmonton, iwe na tarehe na majina, na uombe jibu la maandishi. Chukua na mwanao mkaipeleke pamoja. Ana kisa chake cha 2020 cha kueleza, na bado hakuna aliyemuuliza.